Mzinga wa upepo msimu wa baridi: PVC, PPR, HDPE, chuma, chupa ya soda au ndoo?

Ilikuwa wiki ya pili ya Julai, saa mbili kasoro robo asubuhi, uwanja wa shule umelowa manyunyu na watoto wamejikunyata ndani ya sweta. Klabu ya sayansi ilikuwa imetoa mzinga wake wa upepo stoo, yaani bomba la kurusha vitu kwa nguvu ya upepo uliobanwa, na kuuegemeza kwenye benchi la saruji. Ulikuwa wa paipu ya PVC, tumbo la inchi nne na mdomo wa inchi mbili, na asubuhi hiyo haukuwa na upepo ndani hata kidogo. Mvulana mmoja akageuka na begi mgongoni, begi likaugusa, ukaanguka kutoka kimo cha kiuno cha mtu mzima.

Ulivunjika vipande kumi na vitatu. Nilivihesabu nikivizoa kwa ufagio, na kimoja nilikikuta kwenye ngazi ya darasa, hatua sita kutoka benchini. Ukingo wake ulikuwa mkali kama kigae cha sahani. Nilipokigeuza kwenye mwanga niliona mahali ufa ulipoanzia: mkwaruzo wa msumeno kandokando ya soketi, mfupi kuliko ukucha.

Mzinga huohuo niliuona ukianguka mara mbili mwezi Februari. Ulidunda.

Mimi ni fundi wa paipu, na nilikuwa pale kama mzazi. Tangu siku hiyo nimeulizwa na walimu wawili na kijana mwenye gereji: kama si PVC, basi nini? Karibu kila anayeuliza huanza na presha. Ipi inabeba bar nyingi, yaani kipimo cha presha? Mimi huwarudisha nyuma hatua moja. Kila chombo kinachobana upepo kitachoka siku moja, kwa hiyo kinachonihusu ni namna kitakavyoachia siku hiyo: kitavuja, kitatanuka, kitapasuka kama kitambaa, au kitarusha vigae kwenye uso wa mtoto? Baridi hubadilisha jibu la swali hilo kuliko inavyobadilisha namba ya geji. Ndiyo maana nalinganisha hapa kwa kuangalia kushindwa.

Baridi yetu inafanya nini hasa

Tuseme ukweli kuhusu Nairobi kwanza. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kati ya Juni na Agosti mawingu hukaa juu yetu wiki nzima. Alfajiri za Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, siku nyingine chini ya 10, na mchana wenye mawingu haupandi sana kupita 21. Hiyo si baridi ya barafu. Mtu akikuambia PVC ya Nairobi inagandishwa na baridi, anazidisha.

Lakini PVC ngumu haingoji barafu. Chukua mshumaa uliolala dirishani usiku wa Julai uukunje: unakatika kwa mlio. Ushike kiganjani kwa muda kisha uukunje tena taratibu: unapinda. PVC iko hivyohivyo, ila kwa kiwango kidogo. Ikiwa na joto, chembe zake huweza kuteleza kidogo zikagawana nguvu ya pigo. Joto likishuka, kuteleza kunapungua, pigo halina pa kwenda, na nguvu yote hukimbilia kwenye mkwaruzo wowote uliopo. Kinachochanganya watu ni kwamba baridi hiyohiyo huongeza kidogo uwezo wake wa kustahimili kuvutwa polepole. Kwa hiyo unaweza kuujaza mzinga asubuhi ya baridi, geji ikatulia vizuri, ukaamini kwamba uko imara kuliko jana. Presha unayoongeza polepole na kijiti kinachougonga ni mitihani miwili tofauti, na baridi huuangusha katika ule wa pili.

Halafu kuna jua. Paipu ya PVC ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya kukaa nje hubadilika rangi, ikawa na unga juu ukiifuta kwa kidole, na ngozi hiyo iliyochoka ndiyo ufa hupenda kuanzia. Mzinga wa shule ile ulianikwa ukutani kuanzia Januari, miezi ambayo jua la Nairobi linapiga utosini. Kwa maoni yangu baridi ya Julai haikuuharibu. Ilifichua kilichokuwa kimeshaharibiwa na jua, kwa sababu kwenye joto paipu iliyochoka bado inakusamehe.

Mambo mengine matatu ya baridi, nayataja kwa sababu yanabadilisha uchaguzi.

La kwanza ni gundi. Gundi ya PVC huungana kwa kuyeyusha ngozi za paipu mbili kisha kuacha dawa yake ikauke itoke. Kwenye ubaridi wa nyuzi 5 hadi 15, majedwali ya watengenezaji huitaka ikae karibu mara mbili ya muda wa kawaida kabla ya kubeba presha, na hewa ikiwa na unyevu mwingi huongeza nusu tena ya muda huo. Hesabu hapo Julai yetu: baridi na manyunyu pamoja. Kiungo kilichogundishwa Jumamosi jioni kwenye stoo yenye sakafu ya saruji, kikajazwa upepo Jumapili asubuhi, kinaweza kuwa bado kibichi ndani huku nje kimekauka.

La pili ni upepo wenyewe. Upepo uliobanwa ukiachiwa ghafla hupoa sana. Ndiyo sababu unaona ukungu mweupe mdomoni mwa mzinga. Kwa hesabu za darasani, hewa iliyobanwa kwa bar 6 ikitanuka mara moja bila kupata joto kutoka popote ingeshuka chini ya nyuzi 100 hasi. Ukuta wa paipu haufiki huko, kwa kuwa hewa ni nyepesi na ukuta una joto lake, lakini ukirusha mara kumi mfululizo asubuhi ya baridi, unaongeza ubaridi kwenye ubaridi, upande wa ndani usioweza kuushika.

La tatu ndilo la Nairobi kabisa. Jaza mzinga alfajiri, nyuzi 11, bar 6. Uache uwanjani. Saa saba mawingu yanafunguka, jua linapiga, na paipu ya rangi ya giza inafika nyuzi 45. Upepo ndani umepanda hadi karibu bar 6.8, na wakati huohuo PVC imepoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kubeba presha, kwa sababu namba iliyopigwa chapa ubavuni ni ya nyuzi 20 tu. Siku moja ya Julai inakupa udhaifu wa baridi asubuhi na udhaifu wa joto mchana.

Maji na upepo si ndugu

Kabla sijagusa paipu moja moja, lazima niseme hili, maana ndilo linalowapotosha hata mafundi wenzangu. "Lakini imeandikwa PN 10, inabeba bar 10!" Ndiyo, za maji.

Maji ni kama hayabaniki. Chombo cha lita 10 chenye maji ya bar 6 kina chini ya joule 1 ya nishati ndani ya maji hayo. Kikipasuka, maji yanachuruzika na kazi imekwisha. Chombo hichohicho kikiwa na upepo wa bar 6 kimebeba zaidi ya joule 5,000. Hizo zinatosha kunyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50 hadi ghorofa ya tatu, na ufa ukitokea zinatoka zote kwa kufumba na kufumbua. Kigae nilichokiokota kwenye ngazi kiliruka hatua sita kwa nguvu ya kuanguka tu, chombo kikiwa kitupu. Fikiria kingekuwa kimejaa.

Wamarekani waliliona hili zamani. Taasisi ya watengenezaji wa paipu za plastiki kule, Plastics Pipe Institute, ilishapendekeza tangu miaka ya 1970 kwamba paipu za plastiki zilizo wazi juu ya ardhi zisibebe upepo au gesi iliyobanwa. Mwaka 1988 idara yao ya usalama kazini, OSHA, ikatoa tahadhari kuhusu PVC hasa, kwa sababu laini za upepo za PVC zilikuwa zikipasuka viwandani na kurusha vipande.

PVC

Sasa PVC ina faida gani mpaka kila klabu ianze nayo? Ni rahisi, ni nyepesi, inapatikana kila hadweya kuanzia Kariobangi hadi Kawangware, inakatwa kwa msumeno wa mkono, na haihitaji stima. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuiunganisha. Sidharau hilo. Mimi mwenyewe naifunga kila wiki kwenye maji, na kwa maji ni kitu kizuri.

Kwa upepo inakosea mahali pabaya zaidi. Haitoi onyo. Chuma hutanuka au huvuja kwanza; PVC hukaa kimya mpaka sekunde inayopasuka. Na vipande vyake ni plastiki, ambayo haionekani kwenye eksirei waziwazi kama chuma, kwa hiyo daktari anayetafuta kipande ndani ya shavu anatafuta kwa shida.

Kisha kuna mchezo wa dukani. Mwalimu aliyejenga mzinga ule alinisimulia alivyoinunua paipu yake.

"Fundi, nilimwambia nataka ya inchi nne, nene."

"Ilikuwa imeandikwa nini ubavuni?"

"Haikuandikwa kitu."

Ilikuwa paipu ya maji taka. Ya maji taka haikuundwa kwa presha yoyote. Kazi yake ni kuteremsha uchafu kwa mteremko. Paipu ya presha ina maandishi marefu ubavuni: jina la mtengenezaji, kipenyo, PN na namba yake, alama ya ubora. Kama hakuna maandishi, au yamefutika, hujui ulicho nacho mkononi, na muuzaji naye hajui.

Kuna wanaoitetea PVC kwa kusema watauzungushia selotepu, gunia au mpira wa tairi. Nimeuona mzinga wa namna hiyo. Shida ni kwamba zile nyuzi za ufa, ambazo ni onyo pekee PVC iliyochoka inaweza kukupa, sasa zimefunikwa. Wengine watasema waliujaribu hadi bar 8 ukavumilia. Ulivumilia siku hiyo, kwenye joto hilo, kabla ya mikwaruzo ya wiki iliyofuata. Na kama waliujaribu kwa upepo badala ya maji, jaribio lenyewe ndilo lilikuwa hatari kuu.

Msimamo wangu: PVC isibebe upepo uliobanwa, Julai wala Februari. Julai inaondoa tu bahati uliyokuwa ukiitegemea. Ukiwa nao tayari, usiujaze "mara ya mwisho kuona". Ukate kwa msumeno ukiwa mtupu, kipande kinene kitatumika kwenye bustani.

PPR, ile ya kijani

Watu wengi Nairobi siku hizi wameihama PVC na GI (paipu ya chuma iliyopakwa zinki) ndani ya nyumba wakaenda PPR, plastiki nyingine ya paipu za maji, kwa hiyo ni kawaida kuifikiria. Haitumii gundi, inaunganishwa kwa mashine ya moto wa nyuzi 260, na kiungo kikifanywa vizuri huwa kitu kimoja na paipu. Hilo linaondoa tatizo la gundi bichi. Baadhi ya watengenezaji huruhusu aina zao za PPR kwa laini za upepo, wakiandika kwa presha ipi na joto lipi. Kama unayo karatasi hiyo mkononi kwa paipu hiyohiyo, ni mazungumzo mengine. Kama huna, usibuni ruhusa.

Kwenye baridi PPR ni ndugu mwenye mpaka wa karibu. Nyuzi 20 inavumilia pigo vizuri. Inapokaribia sifuri inapoteza uvumilivu huo kwa haraka. Nyuzi 11 za mtaa wa Umoja hapa Nairobi bado ziko upande salama wa mpaka. Alfajiri za Limuru na Nyandarua zinausogelea. Na upepo wa asubuhi hupoza ncha uliyoipasha moto kabla hujaisukuma ndani ya soketi, ukapata kiungo kilichoshikana nje tu. Nikichomelea PPR Julai hufunga mlango au hutundika turubai upande wa upepo. Kwa mzinga wa shule, hata hivyo, nasema hapana: ni kazi nyingi kwa kitu ambacho bado ni plastiki iliyo wazi karibu na nyuso.

HDPE, ile nyeusi

Hapa ndipo baridi inaposhindwa. HDPE ndiyo paipu nyeusi ya roli, yenye mstari wa buluu, inayoleta maji kwenye mita. Hubaki laini kwa ndani hadi kwenye ubaridi ambao Kenya haiujui, zaidi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Ndugu zake wa polithini ndio wanaobeba gesi ya kupikia chini ya barabara katika miji ya Ulaya na Marekani, katika nchi zenye theluji. Ikigongwa inabonyea. Ikizidiwa hutanuka, huvimba kama mdomo wa chura, kisha huchanika. Ukiniambia nichague plastiki moja ya kusimama karibu nayo asubuhi ya Julai, ni hii.

Tatizo lake liko kwenye ncha. Kwa paipu nyembamba tunatumia fittingi za kubana, zile za kuzungusha kwa mkono. HDPE husinyaa kwenye baridi mara mbili au zaidi ya PVC: kipande cha sentimita 60 kilichofungwa mchana wa nyuzi 26 kitakuwa kifupi kwa karibu milimita 1 na nusu alfajiri ya nyuzi 11, na unene wake nao umepungua. Ile pete ya kubana inalegea kidogo. Kwa maji utaona tone. Kwa upepo, kofia ya mwisho inaweza kuchomoka yote na kuruka, na hapo paipu yako isiyopasuka imekuwa bunduki inayoelekea nyuma. Kuunganisha kwa moto kunatatua hilo, ila mashine ya kuunganisha HDPE nene haiko kwenye mkoba wa fundi wa mtaani. Na lile pendekezo la kutobeba upepo juu ya ardhi linaigusa nayo pia. Kwa hiyo ni bora kuliko PVC kwa mbali, na bado si ya watoto.

Kuna pia ABS, plastiki yenye mpira ndani yake, inayovumilia baridi vizuri sana na ambayo katika nchi nyingine huundwa paipu maalumu za upepo. Sijawahi kuikuta kwenye hadweya yoyote ninayonunua, kwa hiyo sitakupotezea muda.

Chuma

Kwa gereji, kwa karakana, kwa yeyote anayehitaji upepo wa kweli kila siku, jibu langu ni chuma, na silibadilishi kwa msimu. Chuma cha kawaida kwenye nyuzi 11 hakina habari na baridi. Kikizidiwa hutanuka, huvuja kwenye uzi wa fittingi, hukupigia mluzi. Ule mluzi una thamani kuliko bei yote ya paipu.

Uzito ndio kilio. Paipu ya GI ya inchi mbili ya unene wa kati inafika karibu kilo 5 kwa mita, na ya inchi nne ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mtoto haubebi mzinga huo, na pengine ni vizuri.

Adui wa chuma msimu huu ni maji. Hewa ya Julai ina unyevu; ukiibana kisha ikapoa, unyevu unageuka maji chini ya tangi, na tangi linaoza kutoka ndani ambako hulioni. Fungua ile koki ya chini kila jioni mpaka maji yaishe. Hili nimelirudia kwa yule kijana wa gereji hadi akaniomba niache, na sitaacha. Alikuwa na tangi la breki za lori alilonunua kwa wauza vyuma vikuukuu. Nililigonga kwa nyundo ndogo pande zote: juu linalia kengele, chini linalia ubao. Alilirudisha akanunua tangi la kompresa lenye kibati cha mtengenezaji, presha imeandikwa, na valvu ya usalama inayofunguka yenyewe.

Na ukiwa na tangi la upepo kazini, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakuhusu: matangi ya upepo yanapaswa kukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa. Mafundi wengi wa jua kali hudhani hilo ni la viwanda vya Industrial Area peke yake. Tangi halisomi anwani. Na tafadhali usichomelewe tangi na mtu wa mageti, hata kama mageti yake ni mazuri. Geti likiachia, linaning'inia.

Chupa ya soda

Narudi shuleni, kwa sababu huko ndiko moyo wangu uko. Watoto wanataka kuona kitu kikiruka kwa nguvu ya upepo na kuelewa kwa nini. Chupa ya soda ya lita 2, theluthi moja maji, iliyobaki upepo wa pampu ya baiskeli, inawapa hilo kwa namna ya roketi.

Chupa hiyo iliundwa kubana gesi. Soda yenyewe kwenye joto la chumba huisukuma kwa bar 3 hadi 4. Plastiki yake imevutwa pande mbili wakati wa kuundwa, kwa hiyo ikizidiwa kawaida huchanika badala ya kumwaga vigae, na nyuzi 11 haziisumbui. Nguvu iliyomo pia ni ndogo: kwa bar 4 ni chini ya joule 700, zaidi ya mara saba pungufu ya lile tumbo la lita 10 la bar 6. Bado ni nguvu. Inaweza kuumiza jicho vibaya. Miwani ya kinga, kamba ndefu ya kuachilia, watoto nyuma ya mstari, hakuna anayeinamia chupa iliyojazwa hata kama imekwama. Usipandishe zaidi ya bar 4. Chupa yenye mkunjo mweupe au iliyokaa kwenye jua nyuma ya kioo cha gari haifai. Chupa mpya inapatikana bure. Hakuna sababu ya kuizeesha.

Ndoo

Na kuna mzinga ambao haubani chochote. Ndoo ya plastiki ya lita 20, tundu la duara katikati ya kitako, ukubwa wa kikombe cha chai, na upande wa mdomo karatasi ya nailoni iliyokazwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Unapiga nailoni kwa kiganja. Pete ya hewa inatoka kwenye tundu, inasafiri ikijizungusha, inazima mshumaa mita kadhaa mbali.

Baridi inaifanya nini? Nailoni inakuwa ngumu kidogo. Ukiipiga ikachanika, unaweka nyingine. Presha ndani yake haipo ila kwa ule muda wa kofi lenyewe.

Niliposema ndoo kwa mara ya kwanza, wavulana walivunjika moyo. Walitaka kishindo. Tukachoma ubani kidogo kwenye kopo, tukaingiza moshi ndani ya ndoo, msichana mmoja akapiga. Ile pete ikatoka nyeupe, nene kama donati, ikaelea asubuhi ile tulivu isiyo na upepo hadi upande wa pili wa darasa ikampiga mwalimu usoni bila kumdhuru. Hewa ya baridi ya Julai, ikiwa imetulia, inaibeba pete vizuri kuliko vumbi na upepo wa Februari. Hapo ndipo nilipoona baridi ikitusaidia.

Basi uchague nini

Una watoto: ndoo darasani, chupa uwanjani, na hakuna paipu ya kujenga tumbo la upepo ya aina yoyote. Ukinikuta nimelegeza hapa, unikumbushe vile vipande kumi na vitatu.

Una gereji au karakana: tangi la kiwandani lenye kibati na valvu, laini ya chuma, koki ya kutoa maji ifunguliwe kila jioni. Kama pesa haijatosha, fanya kazi na tangi dogo la kweli kuliko kubwa la kubuni.

Una shamba, unataka kishindo cha kufukuza ndege kwenye mpunga wa Mwea au mtama: nimeombwa mara mbili kujenga wa PVC nikakataa, kwa sababu kitu hicho hushinda juani, hulala baridini, hubebwa kwenye bodaboda na kuangushwa, yaani kila kinachoiua PVC kwa siku moja. Kanda zinazong'aa, makopo kwenye kamba na mtu wa kuzivuta bado vinafanya kazi.

Na kama tayari una mstari wa plastiki unaobeba upepo mahali fulani na huwezi kuubadilisha wiki hii, toa upepo wote kila jioni, usiujaze alfajiri kabla chumba hakijapata joto, usiuache juani ukiwa umejaa, na usiruhusu kitu chochote kugongana nao. Hizo ni siku za kununua muda hadi chuma kifike. Si matengenezo.

Kile kipande cha kwenye ngazi ninacho kwenye kisanduku changu cha vifaa, kimefungwa kwa kitambaa ili kisinikate ninapotafuta spana. Wiki iliyopita mteja wa Dandora alitaka nimfungie laini ya upepo ya PVC kwa ajili ya kupaka magari rangi, bei nafuu. Nilimfungulia kitambaa, nikampa akishike. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo, akauliza GI ya nusu inchi inauzwaje kwa futi.